Shemeji na Vibanio vya Chuma

Kabla Fundi Milimita hajapata vibanio vya chuma, alikuwa na shemeji yake.

Jina la Milimita alipewa na wateja, na hawakumpa kwa kumsifu. Mtu akija kuagiza stuli, hata hajakaribishwa vizuri, tayari anapimwa goti. Mzee mmoja aliyetaka kitanda aliambiwa alale sakafuni, anyooshe miguu, atulie. Mkewe alipokuja kumfuata akamkuta mumewe chali juu ya maranda, macho kayafumba, fundi kamwinamia na futi. Mama wa watu akaangua kilio mpaka majirani wakaja mbio. Kitanda kilipokamilika kilikuwa kizuri ajabu, lakini yule mama alikataa kukilalia kwa muda wa mwezi mzima.

Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa nyumba yake. Katikati ya ukuta huo palikuwa na dirisha, na ng'ambo ya dirisha mkewe alikuwa na cherehani yake. Mke hakuhitaji kutoka nje ili ajue mambo ya karakana. Alishona huku anasikiliza, na likimkera jambo alisimamisha cherehani. Fundi alikuwa akiiogopa hiyo cherehani ikinyamaza kuliko ikilia.

Sasa huyo shemeji. Alikuwa kaka mkubwa wa huyo mke, dereva wa lori mstaafu, mjane, mtu wa kilo mia na kumi na mbili ambaye mtaa mzima ulimwita Gunia naye akaitika bila kinyongo. Tangu astaafu alikuwa akija karakana kila asubuhi kusalimia, na salamu zake huanza saa mbili zikaisha saa kumi na moja.

Meza ya fundi ilikuwa na jiliwa moja tu, la kubania mbao zikisimama ubavu. Ubao ukilazwa chali, ukiusukuma na randa nao unakwenda na randa. Siku moja, miaka mitatu nyuma, ubao ulipomkimbia kwa mara ya nne, fundi alisema, "Shemeji, hebu nikalie hapo kwenye ncha, kidogo tu."

Hicho kidogo ndicho kikawa miaka mitatu. Gunia alikaa juu ya milango, madirisha, vichwa vya vitanda na meza za watu, na hakuna kilichothubutu kusogea. Tatizo lilikuwa kumsogeza yeye.

"Shemeji, nenda kushoto milimita ishirini."

"Milimita ishirini ni tako moja au yote mawili?"

Na kasoro nyingine ilikuwa kicheko. Gunia alikuwa na hadithi za barabarani zisizokwisha, na alikuwa na tabia ya kuzicheka kabla hazijafika mwisho. Kicheko chake hakikuwa cha mdomoni. Kilianzia tumboni, kikashuka kiunoni, kikaingia kwenye ubao. Fundi alijifunza kuinua patasi kila aliposikia hadithi inakaribia patamu.

Siku ya msiba alichelewa kuiinua.

Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuwa ameagiza ubao wa mkangazi wa kuning'iniza juu ya lango la shule, uliochongwa maneno matatu: ELIMU HUMPAMBA MTU. Aliutaka kabla shule hazijafunguliwa. Fundi alichora herufi kwa penseli siku nzima, akachonga neno la kwanza, akaruka akachonga la mwisho, kisha akarudi kwenye la katikati, ambalo ndilo refu na gumu. Gunia amekaa ncha ya ubao, anasimulia asubuhi moja ya ukungu alipokuta ng'ombe kasimama mbele ya lori lake.

"Nikampigia honi, hapishi. Nikazima gari nikamsubiri. Saa nzima, shemeji! Nikateremka na fimbo. Kufika karibu…" Na hapo tumbo likaanza. "Kufika karibu, kumbe ni picha! Picha ya ng'ombe, imechorwa ukutani kwa bucha!"

Ubao ukatikisika. Fundi alikuwa anamalizia tumbo la herufi P. Patasi ikateleza kutoka pale tumbo linapoishia, ikashuka mshazari mpaka mstari wa chini, ikaacha mfereji safi, ulionyooka kama umepigwa rula. Kwa kweli katika ubao mzima hapakuwa na mstari uliochongwa vizuri kama ule.

Wakainama wote wawili wakautazama.

"E-li-mu," Gunia akasoma taratibu. "Hum-ram-ba. Mtu."

Cherehani ikanyamaza.

"Elimu humramba mtu," alirudia, kana kwamba anaipima ladha yake. "Si mbaya sana, shemeji. Hata ndama hurambwa na mama yake."

Fundi alikuwa bado ameshika patasi hewani wakati sauti ya viatu iliposikika kwenye kokoto za nje, viatu vya mtu anayejua anakokwenda. Alikuwa mwalimu mkuu mwenyewe.

Hapo Gunia alifanya jambo ambalo fundi hakulitarajia. Aliinuka, akajisogeza hatua moja bila kuambiwa milimita ngapi, akaketi kitako juu ya neno la katikati. Likafunikwa lote, herufi nane, na nafasi ikabaki.

"Shikamoo, mzee," mwalimu mkuu alimwamkia.

"Marahaba, mwalimu. Utaniwia radhi sisimami. Goti langu limeniasi."

"Pole sana. Kaa tu, usijisumbue." Akaugeukia ubao, akavaa miwani. "Aa, kazi nzuri! Elimu… mtu." Akauinamia kidogo. "Katikati hapa kuna nini?"

"Katikati kuna mimi, mwalimu," Gunia akasema kwa upole.

Mwalimu akamtazama fundi. Fundi akatazama dari.

"Gundi," fundi akasema hatimaye. "Ubao ulikuwa na ufa kidogo. Inabidi ukandamizwe."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nitakapoona imeshika," fundi akajibu, na Gunia akaitikia kwa kichwa kwa uzito wa mtu aliyekabidhiwa dhamana. Mwalimu mkuu akasifu moyo wake wa kujitolea, akaaga. Walipokuwa na hakika amekwisha vuka barabara, Gunia aliinuka, na nyuma ya suruali yake palikuwa na vumbi la penseli lililoandika HUMR, limepinduka.

Fundi hakucheka, ingawa ng'ambo ya dirisha kuna mtu aliyecheka mpaka akakohoa.

Ubao uliweza kuokolewa. Ilimpasa aurande uso mzima, ashuke milimita nne mpaka herufi zote zifutike, aanze upya. Lakini arande vipi, achonge vipi, na juu yake kuna kilo mia na kumi na mbili za vichekesho? Jioni ile aliitazama meza yake. Ilikuwa na matundu manne yaliyotoboka mpaka chini. Aliinunua hivyo hivyo, na kwa miaka kumi na tisa aliyatumia kuchomekea penseli. Sasa akamkumbuka fundi aliyemfunza kazi. Naye alikuwa na meza ya matundu, na ndani ya matundu alikuwa akitumbukiza vyuma vilivyopinda shingo kama mtu anayechungulia kisima. Chuma kinashuka tunduni, ulimi wake unalalia ubao, unakigonga kichwani mara moja, basi, ubao hauondoki tena. Ukitaka kuufungua, unakigonga kisogoni. Yule mzee aliviita vibanio.

Asubuhi alimwambia mkewe, "Natoka kidogo, naenda kutafuta vibanio."

Mkewe akainua kichwa kutoka kwenye cherehani. Tangu waoane hajawahi kuletewa hata sindano bila kuagiza. "Vibanio?" aliuliza, sauti imelainika. "Niletee vile vyeusi. Vya rangi rangi vinaniumiza kichwa."

Fundi aliona bora asimsahihishe, akaenda zake.

Mhunzi alikuwa mwanamke mrefu mkavu, karakana yake iko nyuma ya kituo cha mabasi, na kila mtu alimwita Bi Mhunzi. Alirithi fuawe na nyundo kwa baba yake pamoja na tabia ya kutosema neno ambalo chuma kinaweza kulisema. Alifua majembe, mashoka na bawaba za mageti. Vibanio alivifua kwa ekseli za malori yaliyokufa, akavitundika kwenye waya kama popo, na hakuna kimoja kilichofanana na mwenzake.

"Meza yako ina unene gani, fundi?" aliuliza.

"Milimita themanini na tatu. Upande wa dirishani themanini na nne, kwa sababu ya unyevu."

Bi Mhunzi alimtazama kwa muda. "Matundu?"

"Ishirini na sita."

"Basi shina la ishirini na tano."

"Hiyo moja iliyobaki ya nini, dada?"

"Ya kulegea. Kisipolegea hakishiki. Kinaingia kimelegea, unakigonga, kinalala upande ndani ya tundu, kinang'ang'ania."

Fundi alitafakari jambo hilo. Maisha yake yote alikuwa amepigana na kulegea. Akatoa kipimo chake cha chuma, akaanza kuvipima vibanio kimoja kimoja, shina juu, shina katikati, shina chini, akiandika kwenye kipande cha karatasi. Akavigonga kwa kucha akasikiliza mlio. Akavilaza kwenye kigogo akatazama kama ulimi unakaa sawasawa au unagusa kwa ncha. Wateja wawili wa majembe walikuja, wakahudumiwa, wakaondoka. Saa sita ilipofika alikuwa ameandika karatasi mbili na hajachagua hata kimoja.

"Fundi," Bi Mhunzi akasema, "unachagua chuma au unamchunguza mtu wa kuoa bintiyo?"

"Nataka viwili vinavyolingana."

"Vinavyolingana sina. Vinavyoshika ninavyo." Akachukua gunia tupu, akavitia sita ndani. "Nenda navyo ukavijaribu kwenye meza yako. Utakavyovikataa virudishe. Lakini kila utakachorudisha, uniletee na sababu yake."

Njiani gunia lilikuwa likilia kama kengele. Kikubwa kilichomsumbua fundi hakikuwa kelele wala uzito, ni shemeji. Unamwambiaje mkubwa wako, kaka wa mkeo, mtu aliyekaa juu ya aibu yako kuificha, kwamba umepata chuma cha kushika nafasi yake? Alipofika alilifukia gunia ndani ya lundo la maranda pembeni ya karakana. Mkewe alimpokea kwa jicho la kuuliza. Akamwambia vibanio vyeusi havikuwepo, jambo ambalo kwa kiasi fulani lilikuwa uongo, maana vyote sita vilikuwa vyeusi tii.

Kesho yake Gunia alifika saa mbili kamili, akasalimia, na kwa kuwa hapakuwa na ubao mezani, akajitupa kwenye lundo la maranda kusubiri kazi.

Aliruka kama kijana wa miaka kumi na minane. "Shemeji! Haya maranda yako yana mifupa!"

Akapekua, akatoa gunia, akatoa chuma cha kwanza. Dereva wa lori haambiwi ekseli ni nini, na aliyeiona shingo ile na matundu ya meza hakuhitaji kufafanuliwa. Akakigeuza mkononi. Akatoa cha pili, mpaka sita, akavipanga mezani.

"Sita," alisema mwisho. "Hata kwenye mpira mchezaji anabadilishwa na mmoja."

"Shemeji, nilitaka kukuambia."

"Miaka mitatu nimekaa hapa. Sijaumwa, sijachelewa."

"Najua, shemeji."

"Nimefukuzwa kazi ambayo hata sikuajiriwa!"

Cherehani ilikuwa imenyamaza kitambo. Fundi alihisi macho mgongoni. Akaiweka futi chini, jambo ambalo hufanya kwa nadra, akasema polepole, "Nisamehe, kaka. Sikukutoa kwa kukuchoka. Ni kicheko chako. Kinaingia kwenye mbao. Nami siwezi kukwambia usicheke, kwa sababu usipocheka hii siku haiendi."

Gunia akapandisha mikono ya shati. "Haya. Kabla sijaondoka nataka nimwone huyo anayechukua nafasi yangu. Mtie tunduni. Mimi nitavuta ubao. Akinishinda, nampa mkono. Asiponishinda, nakaa."

Basi wakaanza. Cha kwanza kilikuwa kile ambacho fundi alikipenda tangu akione: kimenyooka, kimesuguliwa kikang'aa, na mkia wake umesokotwa kama nywele za harusi. Fundi akakigonga. Gunia akaushika ubao kwa mikono miwili, akakanyaga mguu wa meza, akavuta. Ubao ukachomoka kama ulimi wa kinyonga, naye akaenda nao chali mpaka kwenye maranda. Aliinuka amejaa maranda mpaka kwenye nyusi, uso umekunjuka kwa furaha.

"Huyo anaringa tu! Lete mwingine!"

Cha pili, mfupi mnene, hakikulala upande hata kidogo. Kilisimama tunduni kama askari na kuachia ubao kwa adabu. Cha tatu kilikuwa kirefu mno, kikagonga droo ya chini kabla hakijafika kazini. Cha nne kilishika mvuto wa kwanza, kikachoka wa pili. Gunia alikuwa amevua shati, anatoka jasho, anahesabu ushindi wake kwa sauti, na mkewe Milimita alikuwa amefungua dirisha lote, ameegemeza viwiko, anamshangilia kaka yake.

Cha tano kilikuwa kibaya kwa sura. Shingo yake imekwenda upande kama ya mtu aliyelalia mto vibaya, na alama za nyundo zimemjaa mwili mzima kama ndui. Fundi hata asingekipima, ni vile tu Bi Mhunzi alikitia mwenyewe kwenye gunia. Akakitumbukiza, akakigonga mara moja. Kikatoa mlio mfupi mzito, ko.

Gunia akavuta. Akavuta tena. Akageuza mgongo, akauweka ubao begani, akavuta kama anayekokota mtumbwi. Ubao haukuondoka. Kilichoondoka ni meza. Ilitambaa sakafuni ikilia, jiliwa, droo na vyote, na Fundi Milimita ameishikilia upande wa pili akipiga kelele, "Basi, shemeji! Basi! Mguu wa meza! Mlango!"

Meza ilipofika mlangoni Gunia aliachia. Akaketi kwenye kizingiti, akahema, kisha akanyoosha mkono, akakishika kile chuma chenye shingo ya upande na kukitikisa kama anavyosalimiwa mtu.

"Huyu sawa," akasema. "Huyu ni mwanamume."

Mwenzake wakampata katika kile cha nne, baada ya fundi kukisugua shina kwa msasa mkali kikapata kukwaruza. Gunia alikijaribu upya, kikamshinda, lakini kwa shida. Havikulingana hata kidogo. Kimoja kilimzidi mwenzake milimita kumi na moja, na vikisimama pamoja mezani vilionekana kama mume na mke waliogombana. Siku mbili tatu za kwanza fundi alikuwa akivitazama kwa jicho la pembeni. Baadaye akazoea.

Ubao wa shule aliulaza chini ya vibanio viwili, na chini ya kila ulimi aliweka kipande cha mbao laini ili chuma kisiache alama. Akaushusha milimita nne, akachora upya, akaanza kuchonga. Gunia alikaa pembeni kwenye stuli, kwa mara ya kwanza akaonekana hajui mikono aiweke wapi. Hadithi alianza akaacha, akaanza akaacha.

"Simulia, shemeji," fundi akasema.

"Nikicheka je?"

"Cheka upasuke."

Gunia akasimulia habari ya kuku aliyesafiri safari nzima juu ya tairi la akiba na kufika ametaga. Alicheka mpaka stuli ikalia. Ubao haukutikisika, na P ikatoka na tumbo lake kamili, bila mguu.

Siku ya kuning'iniza, mwalimu mkuu alisoma maneno yote matatu kwa sauti, akapitisha kidole kwenye herufi. "Kumbe ndilo hili neno lililokuwa limefichwa," akasema. "Na yule mzee, goti lake linaendeleaje?" Fundi akamwambia limepona, tena vizuri sana.

Vile vibanio vinne vilivyobaki ilibidi virudishwe pamoja na sababu zake, na Gunia akasema sababu anazijua yeye. Akalibeba gunia begani, fundi akamfuata. Mbele ya Bi Mhunzi akavitoa kimoja kimoja kama shahidi mahakamani. "Huyu anaringa, hashiki. Huyu hainami kwa mtu. Huyu mrefu anagonga droo, hilo si kosa lake, ni la droo. Na huyu wa mwisho tulimwacha bila kumjaribu, shemeji alikuwa ameshachoka, lakini nikitazama ulimi wake naona hajatulia."

Bi Mhunzi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akakichukua kile kilichosokotwa mkia, akakitumbukiza kwenye makaa bila huruma. "Hicho nilikifua siku nina furaha," alisema. "Shika hapo uvukute."

Gunia akashika mpini wa mivukuto. Moto ukanguruma. Fundi alisubiri, akasubiri, akaona hakuna anayemkumbuka, akarudi peke yake.

Kesho yake saa mbili ilifika, hakuna aliyesalimia. Wala keshokutwa. Mwisho wa wiki mkewe alileta habari kutoka kwa wateja wake: kaka yake anashinda kwa mhunzi. Kila kibanio kinachotoka motoni, kikipoa, kinatiwa kwenye kigogo chenye tundu kibane ubao, naye anauvuta. Kikimshinda kinauzwa, kisipomshinda kinarudi kwenye makaa. Mafundi wa mitaa mingine wanakuja kutazama, na kuna watu wasio na hata meza wanaokuja kutazama. Na Bi Mhunzi, ambaye watu walidhani alizaliwa bila meno kwa vile hawajawahi kuyaona, amesikika akicheka.

"Unadhani kuna jambo?" mke aliuliza.

"Jambo gani?"

"Wewe pima mbao tu," akajibiwa.

Karakana ilikuwa kimya. Fundi alikuwa akikamilisha kazi mbili kwa muda wa moja, na mistari yake ilikuwa haina kasoro. Siku ya kumi hivi, kabla ya saa nne, alijikuta anamweleza kibanio chenye shingo ya upande habari za bei ya gundi. Ng'ambo ya dirisha cherehani ikanyamaza.

"Baba watoto," mkewe akamwita, "patasi zako si zimekuwa butu?"

"Nilizinoa jana."

"Nakwambia zimekuwa butu. Zipeleke kwa mhunzi."

Fundi alizitazama patasi zake, kali kiasi cha kunyoa. Akazifunga kwenye kitambaa, akavaa viatu. Alipozunguka kona ya kituo cha mabasi alisikia kicheko hata kabla hajaona moshi, na nyuma yake cha pili, chembamba, kikavu, kisichozoea. Bi Mhunzi aliupokea mzigo wa patasi, akaugusa ukingo wa moja kwa kidole gumba, akamtazama fundi usoni, akazirudisha kwenye kitambaa. Kwa mguu alimsukumia debe tupu.

Fundi aliligeuza, akaketi.

"Umekuja wakati mzuri, shemeji," Gunia akasema, shati mgongoni limeloa. "Nilikuwa nimefika pale daraja lilipokuwa limejaa maji, na utingo wangu amepanda juu ya mti."

"Mti gani?" fundi akauliza.

"Subiri, nitafika."

Akavuta hewa, na tumbo likaanza.